Plastiki ya Zawadi kwenye Njia ya Fotoni

Barua ilikuwa na aya tatu, na Régine Mwenze aliisoma akiwa amesimama. Aya ya kwanza ilisema kwamba mashine ya nuru ambayo taasisi ilipewa mwezi wa Aprili haifanyi kazi. Ya pili ilisema kwamba Ijumaa mashine hiyo itapelekwa Kolwezi, kwenye shule yenye fundi anayeimudu. Ya tatu ilikuwa sentensi moja: vipimo ambavyo fundi wa maabara aliviandika kabla ya sherehe ya uzinduzi vinaonekana kuwa vya kubuni, na visitumike katika ripoti yoyote. Chini palikuwa na saini ya Adalbert, mkuu wa idara ya fizikia, na muhuri wa duara.

Aliisoma tena aya ya tatu. Akaikunja barua mara nne, akaitia mfukoni mwa koti lake jeupe, akaenda kwenye bomba kunawa mikono ambayo haikuwa na uchafu.

Kwa miaka ishirini na miwili Régine amekuwa fundi wa maabara katika taasisi moja ya ualimu mjini Lubumbashi. Walimu huja na kuondoka; yeye ndiye anayejua ni betri gani inadanganya na ni dirisha lipi lisifunguliwe malori ya mgodi wa Kinsevere yakianza kupita na vumbi lao jekundu. Ameitwa mengi katika miaka hiyo. Ameitwa mkali, ameitwa mkaidi, na kundi moja la wanafunzi lilimwita Sista kwa sababu hacheki kazini. Lakini mwongo hajawahi kuitwa na mtu.

Neno hilo lilimchoma mahali ambapo Adalbert asingeweza kujua. Babu yake Régine alishuka kutoka Kabalo kuja kutandika reli. Baba yake, Léonard, alikuwa mbadili njia kwenye stesheni ya Sakania, mtu wa kuvuta mikono ya chuma ili treni ishike reli ya kushoto au ya kulia. Kila treni iliyopita aliiandika kwenye daftari kubwa kwa wino: saa, namba, njia. Akikosea, alipiga mstari mmoja juu ya kosa, kosa likabaki linasomeka, akaweka saini pembeni. Hakukwangua kwa wembe hata siku moja. Aliwafundisha watoto wake wote sita kuandika hivyo, na Régine anaandika hivyo mpaka leo. Daftari lake la maabara lina mistari mingi ya makosa. Halina ukurasa uliochanwa wala neno lililofutwa.

Mashine yenyewe huitwa interferomita. Ni bamba zito la chuma, kubwa kama meza ya kulia chakula ya watu wanne. Upande mmoja kuna leza ndogo nyekundu, na mbele yake vichujio vyeusi vinavyopunguza nuru hadi ibaki kidogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Nuru hiyo hukuta kioo cha nusu, yaani kioo kinachopitisha nusu na kurudisha nusu, kwa hiyo mbele yake kuna njia mbili. Kila njia ina kioo kamili kwenye kona. Njia zote mbili hukutana tena kwenye kioo cha nusu cha pili, na kutoka hapo nuru ina milango miwili ya kutokea. Mlango mmoja umeachwa wazi. Kwenye mwingine kuna kihesabu, kisanduku cheusi chenye tarakimu nyekundu, ambacho huhesabu chembe za nuru, fotoni, moja baada ya nyingine. Kwenye mojawapo ya njia hizo pamesimama kipande chembamba cha glasi juu ya mguu unaozunguka. Ukiizungusha glasi kidogo, njia hiyo hurefuka kwa kiasi kidogo sana kuliko unene wa unywele.

Régine aliifunga mwenyewe, skrubu kwa skrubu, kwa wiki tatu. Aliwaeleza wanafunzi kwa mfano wa baba yake. Kila fotoni ni kama treni, alisema: inafika nzima au haifiki, kihesabu hakijawahi kuhesabu nusu. Na zinakwenda kwa nafasi kubwa. Moja inapoingia kwenye bamba, iliyotangulia, kama isingezuiwa, ingekuwa imeshaipita Kinsevere. Hazisukumani wala hazisaidiani. Kila moja iko peke yake.

Halafu aliwaonyesha mahali ambapo mfano wa treni unavunjika. Aliziba njia moja: kihesabu kikaonyesha fotoni mia tano hivi kwa sekunde. Akaziba nyingine: mia tano hivi. Akafungua zote mbili, na kila mwanafunzi akangoja elfu moja. Akaizungusha glasi taratibu. Namba ikashuka mpaka arobaini, ikapanda mpaka elfu moja mia tisa na sitini, ikashuka tena. Glasi ikiwa mahali fulani, kufungua njia ya pili kuliwafanya wasafiri karibu wote wasifike kwenye kihesabu. Na walikuwa wakisafiri mmojammoja. Kwa hiyo kila mmoja, namna fulani, alikuwa amehusika na njia zote mbili. Régine aliandika namba zote kwa wino, tarehe kumi na mbili Mei, kurasa nne.

Sherehe ilikuwa tarehe kumi na tano. Walikuja wageni wa mkoa, mkasi ukaletwa kwenye sahani, utepe ukakatwa. Régine akaizungusha glasi mbele yao, na namba ikasema elfu moja na kumi na mbili. Akaizungusha tena: mia tisa themanini na saba. Tena: elfu moja na nne. Ilikuwa ikitikisika pale pale kwenye elfu, kama kwamba fotoni zimeanza kuwa treni kweli. Wageni walipiga makofi kwa adabu, wakaenda kunywa soda. Adalbert hakumtazama mpaka jioni.

Sasa, wiki tano baadaye, Régine aliingia ofisini kwake na barua mkononi.

"Chef, hii neno 'kubuni', uliandika weye mwenyewe?"

"Mama Régine, kaa kwanza."

"Niko muzuri vile nasimama."

Adalbert alivua miwani. Ni mtu mpole wa sauti, na upole huo ndio uliomkera zaidi. "Tuongee vile bantu bakubwa. Mbele ya sherehe, weye tu njo uliona ile namba kupanda na kushuka."

"Na banafunzi kumi na bane."

"Banafunzi banaona kile mwalimu anabaambia. Siku ya bageni, mbele ya macho yangu, haikupanda, haikushuka. Tangu pale, haijapanda. Mi nitaandika nini? Kama machine haiwezi leo, na jana ilikuwa ile ile machine…"

"Basi mi nilipika namba."

"Sikusema kupika. Niliandika 'vinaonekana'."

"Chef," Régine alisema, "ungesema nimevunja machine, ningekusikiliza. Mukono inaweza kuvunja. Lakini wino haidanganye yenyewe."

Alitoka bila kufunga mlango. Ilikuwa Jumanne asubuhi, na lori lilikuwa linakuja Ijumaa.

Hasira ya Régine haikumfanya apige kelele. Ilimfanya awe na utaratibu. Alikwisha kulaumu malori, kwa sababu mtikisiko unaweza kuzivuruga njia. Lakini Jumapili iliyotangulia, baada ya misa ya kwanza, barabara ikiwa tupu, alikuwa amekuja kupima na namba ilibaki elfu. Sasa aliondoa vichujio vyote, nuru ikawa nyekundu na kali, akaweka karatasi nyeupe mahali pa kihesabu. Njia ya kwanza peke yake iliweka doa jekundu. Njia ya pili peke yake iliweka doa lingine, pale pale, lenye mwangaza ule ule. Zote mbili pamoja zilipaswa kuchora mistari ya weusi na wekundu. Hapakuwa na mstari. Kulikuwa na doa moja kubwa lililolala bila aibu.

Basi kihesabu hakikuwa na kosa, wala vioo. Nuru mbili zilifika mahali pamoja na zikakataa kuchanganyika.

Alikaa juu ya kigoda akalitazama doa lile muda mrefu. Alijua sababu moja tu ya nuru kufanya hivyo. Nuru hutetemeka, na mtetemo wake una mwelekeo: juu na chini, au kulia na kushoto. Leza yake ilitoa nuru ya juu na chini peke yake. Kama kitu fulani kwenye njia moja kimeigeuza ikawa ya kulia na kushoto, basi kila fotoni inafika mwishoni ikiwa na alama ya njia iliyopitia. Hata kama hakuna mtu anayeisoma alama, inatosha kwamba ipo. Ikiwepo, njia mbili hazichanganyiki. Unapata mia tano na mia tano, elfu moja, hesabu ya darasa la pili.

Ili kuthibitisha, alihitaji plastiki nyeusi inayopitisha mwelekeo mmoja tu wa mtetemo. Taasisi iliwahi kuwa nazo mbili. Ziliingia kwenye orodha ya mali mwaka mmoja na hazikuonekana mwaka uliofuata.

Siku ya Jumatano alikwenda Katuba kwa Kiki, mwanamke anayetengeneza simu chini ya mwavuli uliokatika ubavu mmoja. Kila skrini ya simu ina plastiki hiyo juu yake, na Kiki anazo rundo, amezikata kwa ukubwa tofauti.

"Mama, telephone yako iko wapi?" Kiki aliuliza.

"Haiko telephone. Ni nuru iko mugonjwa."

Kiki alimtazama mama huyu aliyevaa koti jeupe mchana wa joto, akaamua kutoendelea na maswali. "Mi sitengenezake nuru. Natengeneza tu pahali inatokea. Chagua mwenyewe."

Régine alichukua moja, kubwa kuliko kiganja. Kabla ya kulipa aliiinua juu ya skrini iliyokuwa ikiwaka mezani na kuizungusha. Skrini ikazimika, ikawaka, ikazimika. Ilikuwa nzima.

Alasiri hiyo, maabara ikiwa imefungwa kwa ufunguo, aliziba njia ya glasi na kuizungusha plastiki ya Kiki mbele ya njia nyingine. Doa lilizimika plastiki ikiwa imelala. Akabadilisha. Njia yenye glasi ilizimika plastiki ikiwa imesimama. Basi alikuwa sahihi: njia moja ilibaki kama ilivyotoka kwenye leza, nyingine imegeuzwa. Na kwenye njia iliyogeuzwa kulikuwa na vitu viwili tu, kioo cha kona na ile glasi.

Alipitisha ukucha kwenye ukingo wa glasi. Upande wa mbele, ukucha uliteleza. Upande wa nyuma ulikwama. Aliwasha taa ya simu, akainama mpaka pua ikakaribia bamba, akaona utando usio na rangi, umevutwa mshazari, umebana sana, umekatwa kwa wembe kufuata kingo. Ilikuwa plastiki ya zawadi, ile inayolia chakacha, ambayo Émerance, mfanyabiashara kutoka Butembo, huuza kwa roli, na ambayo kila mtu mjini hufungia vikapu vya harusi na vya komunyo ya kwanza.

Régine hakuhitaji kuuliza nani. Usiku wa kuamkia sherehe Adalbert alikuwa ameifunga mashine yote kwa plastiki hiyo, na ua la utepe juu, ili wageni waifungue kama zawadi. Ni mtu ambaye viti vya sebuleni kwake bado vimo ndani ya plastiki ya dukani baada ya miaka tisa, na rimoti ya televisheni imo ndani ya mfuko wake. Si yeye peke yake. Nyumba nyingi za Lubumbashi ziko hivyo, kwa sababu ya vumbi, na kwa sababu kitu kipya ni kigumu kukipata mara ya pili. Usiku ule Adalbert aliona glasi ndogo imesimama peke yake, akaihurumia, akaivisha. Plastiki ilikuwa angavu kama hewa. Hakumwambia mtu kwa sababu kwake halikuwa jambo la kuambiana. Lakini plastiki ile, ilivyovutwa kiwandani, hugeuza mtetemo wa nuru. Na mtu huyu alikuwa amefundisha somo hilo ubaoni kwa miaka kumi na mitano kabla ya kupanda cheo.

Régine alishika ukingo wa utando kwa ukucha. Angeweza kuibandua hapo hapo. Ingekuwa kazi ya sekunde mbili, na kesho yake Adalbert angesema: unaona, imepona yenyewe.

Hakuibandua. Alifunga maabara akaenda nyumbani.

Ijumaa saa tatu asubuhi lori lilirudi kinyumenyume hadi kwenye mlango wa maabara. Mwenye lori aliitwa Paluku, mtu wa makamo kutoka Kivu ya Kaskazini, tumbo limetangulia, kalamu sikioni, karatasi za mzigo ndani ya bahasha ya plastiki. Adalbert alimfuata nyuma.

"Mama Régine, haujafunga bado? Camion inangoja."

"Chef, dakika kumi. Njo hiyo tu naomba."

"Tulishaongea."

"Weye uliongea. Mi nilisoma barua."

Paluku aliketi kwenye kigoda bila kualikwa. "Chef, mi sina haraka. Barabara ya Kolwezi haikimbie."

Régine alimgeukia. "Papa Paluku, soma weye namba. Mi banasema napikaka."

Régine aliziba njia moja, Paluku akasoma: mia tano na mbili. Akaziba nyingine: mia nne tisini na sita. Akafungua zote: elfu moja na tisa. Akaizungusha glasi, namba ikacheza palepale.

"Hii najua," Paluku alisema. "Ukifungua barrière mbili, magari inapita mara mbili. Kwa hii munalipa mwalimu?"

"Ngoja, papa."

Aliisimamisha plastiki ya Kiki mbele ya kihesabu, mshazari, katikati ya kusimama na kulala. Akaanza kuizungusha glasi.

"Mia tano," Paluku alisoma. "Mia tatu. Mia na kumi. Makumi mbili na nane." Alisogeza kigoda. "Inapanda. Mia ine. Mia nane. Mia tisa makumi sita. Sasa inashuka. Mama, magari yameenda wapi?"

"Inabaki mu hii plastiki." Régine hakuwa akimtazama Paluku. "Chef, nimeongeza nini? Plastiki ya telephone. Inakula fotoni, haileti hata moja. Lakini iko inafanya alama isisomeke. Alama zikishindwa kusomeka, njia mbili zinarudi kuchanganyika. Sasa niambie: alama ilitoka wapi?"

Adalbert alikuwa ameinama juu ya bamba. Alitazama plastiki nyeusi, halafu akafuata njia kurudi nyuma, kioo kwa kioo, kama mwanafunzi. Alipofika kwenye glasi alisimama. Régine aliona shingo yake ikibadilika rangi. Alijua. Kwa hilo angalau hakuwa mjinga.

"Vumbi," alisema polepole. "Ilikuwa juu ya kuzuia vumbi."

Régine alichukua kibano, akakamata ukingo, akavuta. Plastiki ilitoka nzima, ikilia chakacha. Akaondoa ile ya Kiki pia. Akaizungusha glasi, na Paluku, bila kuombwa, akasoma: thelathini na sita, elfu moja mia tisa na hamsini.

"Ni ile ile namba ya mwezi wa tano," Régine alisema. "Ukurasa wa kumi na tisa mpaka makumi mbili na mbili. Banafunzi kumi na bane, chef. Wiki tano unanipita mu korido kama mi ni mwizi. Na ulikuwa na wembe mu mukono."

"Mama Régine, basi. Tatizo lilikuwa ndogo, tumeliona. Machine itaenda Kolwezi ikiwa muzima, ni heshima yetu. Ile barua tutaongea Jumatatu."

Paluku alikuwa ametoa karatasi zake na kuzisoma tena kwa kidole. "Chef, haiende."

"Juu ya nini?"

"Karatasi yangu inasema 'machine mubovu'. Saini ni yako. Mi nikipitisha kitu kizima na karatasi ya kitu kibovu, ku barrière ya kwanza banasema naiba, ku ya pili banasema ninyi munaiba. Nitalala Likasi na mzigo wenu. Uniandikie ingine, uniambie iko namna gani na ilikuwa na nini. Tarehe, saini, muhuri."

Adalbert alimtazama, akamtazama Régine, kisha akatoa kalamu. Aliandika akiwa amesimama, kwenye kona ya meza ya Régine. Alipomaliza, Régine alichukua karatasi kabla ya Paluku.

"Uliandika 'imetengenezwa'."

"Ndiyo."

"Nani alitengeneza nini? Haikuvunjika."

Adalbert alinyoosha mkono ili aichane. Régine aliivuta karatasi nyuma. "Hapana. Mustari moja tu, neno ibaki inasomeka. Halafu saini pembeni."

Kalamu ilikaa hewani. Paluku alitazama nje, kwenye lori lake, kwa adabu. Adalbert akapiga mstari. Juu yake akaandika kwamba mashine haikuharibika. Kwamba plastiki ilibandikwa kwenye glasi na mkuu wa idara tarehe kumi na nne Mei. Na, Régine alipobaki amesimama pale bila kuondoka, kwamba vipimo vya tarehe kumi na mbili Mei ni vya kweli. Akaweka saini mara mbili.

"Sasa kama iko muzima," Paluku aliuliza, "inaenda Kolwezi kufanya nini?"

Adalbert alifunga kalamu yake. Sababu pekee ya kuipeleka ilikuwa kwenye karatasi ya zamani, na karatasi mpya, mkononi mwa Régine, ilikuwa imeikana.

"Ibaki," alisema hatimaye, na akatoka. Hakuomba radhi. Régine hakuwa ameingoja, na aligundua kwamba hata angeipata isingempunguzia kitu. Wiki tano zile zilikuwa bado kifuani, nzima, kila siku na saa yake.

Paluku aliikunja bahasha yake. "Safari yangu imekufa, mama."

"Pole, papa."

"Haina neno. Nitabebea Émerance mafuta ya kula." Alinyoosha kidole kwenye utando uliokuwa juu ya meza. "Ile si ya kwake? Nimwambie plastiki yake inasimamisha nuru?"

"Mwambie haisimamishe. Inaandika tu."

Lori lilipoondoka, vumbi liliingia mlangoni, likatua juu ya bamba. Régine alilipangusa kwa kitambaa kikavu. Kisha akafungua daftari ukurasa wa kumi na tisa, akaibana plastiki ya zawadi kwa pini pembezoni mwa namba zake, akaandika chini tarehe, saa, na njia ambamo plastiki ilikuwa imewekwa. Wino ulipokauka, alirudi kwenye glasi, akaanza kuhesabu upya.